Mbwa Wetu Haumi

Majuto ni mjukuu, huja kinyume. Methali hii nimeiandika katika insha zisizopungua kumi tangu nikiwa shule ya msingi, nikapewa alama zangu, nikafunga daftari, nikaenda kucheza. Maana yake niliijua Desemba 2025, nikiwa nimeinama nyuma ya hospitali moja na mtungi wa maji mkononi. Mhariri wetu alipotangaza kwamba kila mwanachama aandike kisa kilichompata mwenyewe, nilijaribu kwanza kuandika juu ya ziara ya Mombasa, lakini kalamu ilikataa. Basi, ndugu wasomaji, nivumilieni niwasimulie habari za mbwa wetu na mtu tunayemwita Posta.

Kwetu ni Kitui Kusini, mbali kidogo na soko la Ikutha. Mtu akitoka Kibwezi, upande wa Makueni, huvuka Mto Athi ndipo aingie kwetu. Wenzangu mliozaliwa mjini huenda mkafikiri kwamba barua na vifurushi huletwa na mtu mwenye kofia na mkoba, kama katika vitabu vya picha. Kwetu hakuna mambo hayo. Barua hukaa katika sanduku la posta, na sanduku lenyewe mara nyingi ni la shule au la kanisa, linatumiwa na kijiji kizima. Mzigo nao una safari yake. Dada yangu anayefanya kazi Nairobi akitutumia kitu, hukipakia katika basi la Mombasa. Basi hukishusha Kibwezi, matatu hukivusha mto hadi Ikutha, na kutoka Ikutha hadi mlangoni kwetu huletwa na boda boda.

Hapo ndipo Posta anapoingia. Jina hilo si la kuzaliwa. Wazee walimbandika kwa sababu hubeba kila kitu: barua za shule, dawa za wagonjwa, vipuri vya pampu, na mara moja keki ya harusi iliyofika bila kumwagika hata ua moja. Ni baba wa watoto wawili. Pikipiki yake ni ya mkopo, na jua likitua lazima atume pesa za siku hiyo. Nyumba zetu hazina nambari, kwa hiyo yeye huzijua kwa mbwa. Ukimwuliza njia atakwambia, "Pita nyumba ya yule mweupe mkali, halafu ya wale wawili wa kubweka bure, halafu kata kushoto."

Mbwa wetu aliitwa Simba. Alikuwa wa rangi ya kahawia, sikio moja limekatika ncha. Nilimlea mimi tangu macho hayajafunguka vizuri, nikimpa uji wangu mama akiangalia pembeni. Usiku alilala chini ya ghala, na nikirudi shuleni alinipokea njia panda mithili ya mgeni wa heshima.

Likizo ya Agosti ya mwaka huo huo, naibu wa chifu alitangaza katika baraza, na Jumapili ikasomwa kanisani, kwamba maofisa wa mifugo wangekuja uwanja wa shule ya msingi kuchanja mbwa bila malipo. Mama aliniachia kazi hiyo. Nilimfunga Simba kamba shingoni, tukashika njia. Watu walikuwa wengi barabarani, wengine wakivuta mbwa kwa mnyororo, mzee mmoja akimsukuma wake kwa wilbaro. Kabla sijafika nikakutana na wenzangu wanakwenda kucheza mechi, na timu yetu haikuwa na beki. Nikaitazama foleni ya mbwa, nikautazama mpira. Nikamfungua Simba kamba, akarudi nyumbani peke yake.

Jioni mama akauliza, "Amechanjwa?"

"Ndiyo."

"Na karatasi wamekupa?"

"Nimeweka kwa sanduku langu la shule."

Ulikuwa uongo mwepesi kama unyoya. Miezi minne ikapita bila mimi kuufikiria hata siku moja.

Jumamosi tarehe 6 Desemba nilikuwa nimeketi na nyanya yangu, ambaye kwetu tunamwita susu, tukiambua kunde. Nikasikia honi mbili ndefu langoni. Moyo uliniruka kwa furaha. Dada alikuwa amenitumia viatu vya shule, nami nilikuwa nimevingoja wiki nzima.

"Wee kijana!" Posta akaita bila kuzima pikipiki. "Hiyo mbwa yenu imefungwa?"

"Haumi, kaka! Ingia tu!"

"Hao mbwa wa 'haumi' ndio hunimaliza," akasema akicheka. Lakini aliniamini. Akashuka, akachukua kifurushi changu, akaanza kutembea kuja kwetu.

Simba hakubweka. Alitoka chini ya ghala kimya, tumbo karibu liguse ardhi, akamshika Posta nyuma ya mguu, pale penye msuli. Posta alipiga yowe, akaanguka juu ya kifurushi. Niliruka, nikamshika Simba shingo, nikamvuta kwa nguvu zangu zote. Alipoachia, suruali ilikuwa imechanika, na chini yake mlikuwa na mashimo manne yanayotoka damu.

Mama alikuja mbio na leso. Susu akataka kuleta majivu. Jirani mmoja akasema tukate manyoya ya mbwa, tuyachome, tuyapake kidonda. Posta mwenyewe alikuwa akisema, "Wacheni, wacheni, niko na mizigo minne kwa pikipiki, watu wananingoja." Mama alikataa yote. Alimfunga leso, akamwita kijana mwingine wa boda boda, tukaenda hospitali.

Tulimkuta sista mmoja, mama wa makamo, mwenye sauti ya mwalimu wa zamu. Hakuleta sindano wala bandeji. Alileta kipande cha sabuni ya mche. Mfereji ulikuwa mkavu, basi akanionyesha mtungi wa lita ishirini na kikombe.

"Toeni hiyo leso. Yeye asugue na sabuni, wewe umwage maji. Dakika 15 kwa saa ya ukutani. Nimesema kumwaga, si kunyunyiza."

Kisha akamgeukia mama. "Mbwa ni wa nani?"

"Ni wetu, sista."

"Amechanjwa?"

"Amechanjwa Agosti. Huyu kijana ndiye alimpeleka."

Niliona mabega ya sista yakishuka kwa nafuu. Akaeleza kwamba chanjo ya watu ilikuwa imewaishia. Lakini kama mbwa anajulikana, si mgonjwa, na karatasi yake ipo, basi tumfunge tumwangalie siku 10, nao wakitunza kidonda. "Kijana, ukimaliza hapo kimbia nyumbani uniletee hiyo karatasi."

Tukatoka nyuma ya jengo, mimi na Posta. Alikaa juu ya jiwe, akanyoosha mguu. Nikachota, nikamwaga. Povu la sabuni likageuka la waridi, likaingia mchangani. Kwetu maji ya mtungi mmoja ni safari nzima ya punda, lakini siku ile niliyamwaga kama mtu anayemwagilia shamba.

"Viatu ni namba gani?" Posta akaniuliza.

"Nane, kaka."

"Hujambo! Utakuwa smati." Akasugua, akakunja uso kwa maumivu. "Mwezi huu wa Krismasi ndio mimi hulipia deni. Mizigo ni mingi mpaka nachagua. Lakini afadhali ni mbwa ya chanjo. Ingekuwa zile za kuzurura, saa hii ningekuwa naaga watoto."

Saa ilionyesha dakika 6 zimepita. Mkono wangu ulikuwa unatetemeka. Nilifikiri: nikienda nyumbani nitasema karatasi imeliwa na panya. Sista ataamini, mama ataamini, na huyu mtu atarudi kwake akiwa amefurahi. Halafu nikamtazama. Alikuwa ananiamini vile vile alivyoniamini langoni.

"Kaka," nikasema, "hakuna karatasi."

"Imepotea?"

"Haikuwahi kuwa. Sikumpeleka. Nilienda mpira."

Posta aliacha kusugua. Alinitazama kwa muda ambao hakuna saa inayoweza kuupima. Nilingoja kofi, na ningelishukuru. Hatimaye akasema polepole, "Endelea kumwaga maji. Dakika hazijaisha."

Nikaendelea. Zilipotimia 15 akaniambia, "Sasa enda umwambie sista mwenyewe, na mama yako akiwa hapo."

Nilisema. Sista alifunga macho kidogo, akachukua karatasi akatuandikia tuende hospitali nyingine, ng'ambo ya mto, upande wa Makueni, siku ile ile bila kulala. Mama hakunipiga. Aliniuliza neno moja tu: "Kwa hivyo mimi nimemdanganya sista?" Halafu akapiga simu nyumbani akawaambia wamfunge Simba, kwa sababu hajachanjwa. Aliisema kwa sauti kubwa, na aliyeshika simu akairudia kwa sauti kubwa.

Tulivuka Athi kwa matatu. Njiani Posta alikuwa kimya, ila mara moja aliniuliza kama ni kweli kuna sindano 21 za tumboni. Hata susu alikuwa amelitaja jambo hilo. Kumbe chanjo za zamani zilidungwa tumboni siku nyingi mfululizo, na hofu yake ndiyo imebaki katika midomo ya watu. Kule Makueni walimdunga begani. Kwa kuwa kidonda kilikuwa kimetoka damu, walimdunga pia dawa nyingine ya kinga kando ya kidonda chenyewe. Wakampa kadi yenye siku zake: siku ya kwanza wanaiita sifuri, halafu ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28. Daktari akatuambia kwamba tukirudi tumchunge mbwa vizuri. Mbwa mwenye kichaa ambaye mate yake tayari yana ugonjwa hawezi kumaliza siku 10 akiwa mzima. Akizimaliza salama, chanjo zinaweza kusimamishwa, na gharama nayo itapungua.

Tulifika nyumbani giza limeingia. Chini ya ghala hapakuwa na kitu ila kamba. Vijana wa kijiji waliposikia kwamba mbwa hajachanjwa, hawakungoja. Walimpiga kwa rungu na mawe, wakamzika ng'ambo ya shamba. Sikulia mbele yao. Nililia baadaye, na sikujua ninamlilia Simba au ninajililia.

Jumatatu ofisa wa mifugo alifika. Alisikiliza yote, akatikisa kichwa. "Mmeua shahidi," akasema. Mbwa akiwa hai angetupa jibu kwa siku 10. Na hata akifa, kichwa hupelekwa maabara kikapimwa ubongo. Lakini huyu alikuwa amepondwa na kuzikwa, na joto la kwetu mnalijua. Hivyo hadi leo hatujui kama Simba alikuwa na kichaa, au alikuwa mbwa tu aliyeona mgeni uani kwake. Posta akalazimika kumaliza chanjo zote tano.

Mbuzi wawili waliuzwa siku ya soko. Posta hakuweza kukanyaga gia kwa mguu ule, na pikipiki ikasimama katika mwezi ambao hungojwa mwaka mzima. Watu wakaanza kuuliza mizigo yao. Basi nikaenda kwake, nikamwomba orodha. Kwa wiki mbili nilipeleka vifurushi kwa baiskeli ya mjomba, na penye mchanga nikatembea, na pesa zote nikampelekea yeye.

Hapo nikajifunza kazi yake. Alinifundisha akiwa amelala kitandani: piga honi au kengele ukiwa nje, ungoje mwenye nyumba. Mbwa akikujia usikimbie, maana ukikimbia umekuwa windo. Simama, usimkazie macho, weka baiskeli au mzigo kati yenu, rudi nyuma polepole. Usipite kati ya mbwa jike na watoto wake. Usimguse aliyelala au anayekula. Yote hayo niliyafuata. Lakini katika kila lango nilisikia sauti ile ile kutoka jikoni au kivulini: "Haumi! Ingia tu!" Walisema kwa ukarimu kabisa, kama nilivyosema mimi. Nilipouliza, "Amechanjwa?" wengine walijibu ndiyo haraka sana, nami niliujua wepesi ule.

Shule ilipofunguliwa nilimwendea mwalimu wetu wa Biolojia, naye akanipa mambo ya kusoma. Kichaa cha mbwa huletwa na virusi vinavyokaa katika mate. Vikiingia kidondani husafiri polepole kwa mishipa ya fahamu hadi ubongoni. Kwa kawaida safari hiyo huchukua miezi 2 au 3, ingawa yaweza kuwa wiki moja au hata mwaka. Ndiyo maana sabuni na maji mara moja ni dawa ya kwanza, na chanjo ikiwahi huokoa. Dalili zikianza, mgonjwa akaogopa hata kikombe cha maji, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika, na kwamba karibu wote, kama 99 kwa mia, huupata kwa mbwa. Katika kila watu 10 wanaoumwa na mbwa wanaoshukiwa kuwa na kichaa, wapatao 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Yaani ni sisi.

Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba dawa si ngeni. Tarehe 6 Julai 1885, huko Paris, Louis Pasteur alianza kumchanja mtoto wa miaka 9 aliyeitwa Joseph Meister, aliyeumwa na mbwa, na mtoto akaishi. Hiyo ni zaidi ya miaka 140 iliyopita. Nilisoma pia kwamba Marekani, ambako watu wa posta hufika kila mlango, mwaka 2023 zaidi ya 5,800 kati yao walishambuliwa na mbwa. Wao hufundishwa kuutumia mkoba wa barua kama ngao, sawa na Posta alivyonifundisha. Lakini mwaka 2007 nchi hiyo ilitangaza kwamba imekimaliza kichaa cha aina ya mbwa, ingawa popo na wanyama wengine wa porini bado wanacho. Mtu wa posta wa kule akiumwa huhofia kidonda chake. Wa kwetu akiumwa huhofia watoto wake watabaki na nani. Meno ni yale yale, ila mbwa wa kule walichanjwa.

Nasi tuna mpango wetu. Mwaka 2014 Kenya ilizindua mkakati wa kumaliza vifo vya kichaa cha mbwa kufikia 2030, na kati ya kaunti 5 zilizochaguliwa kuanzia, Kitui na Makueni zimo, pamoja na Machakos, Siaya na Kisumu. Wataalamu wanasema mbwa 70 kati ya kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa pa kupita. Nilipoisoma nambari hiyo niliikumbuka foleni ya Agosti. Serikali ilileta sindano hadi uwanja wa shule, bure, mwendo wa nusu saa kutoka kwetu. Simba angekuwa mmoja wa wale 70, na aliyemwacha nje ni mimi, kwa ajili ya mechi ambayo hata hivyo tulifungwa mabao matatu.

Wanafunzi wenzangu, katika nyumba nyingi kazi ya kumpeleka mbwa hupewa sisi. Wazazi wana shamba na soko, na mbwa hutufuata sisi. Naomba tusiifanye kazi ya mzaha. Na anayetuletea barua, dawa au viatu akiuliza langoni kama mbwa amefungwa, tusimjibu kwa mdomo tukiwa tumeketi. Tuinuke, tumfunge.

Posta alimaliza chanjo ya tano tarehe 3 Januari 2026. Kesho yake alikuja kwetu kwa pikipiki, akasimama nje, akapiga honi mbili ndefu.

"Wee kijana! Kuna mbwa?"

"Hakuna, kaka."

Hakushuka. Akangoja na injini ikinguruma, mguu mmoja chini. Nikaelewa. Nikatembea hadi langoni, nikapokea kifurushi cha mama huko huko nje, nikamwambia asante. Akanitazama miguuni. "Viatu vimekutosha," akasema, akaondoka.

Tangu hapo susu ameletewa mtoto wa mbwa, mweusi, mtundu sana. Alipotimiza miezi mitatu nilimfunga kamba, nikampeleka kwa maofisa wa mifugo, na njiani sikumtazama mtu. Karatasi yake iko katika sanduku langu la shule. Anayetaka kuiona na aje bwenini nimwonyeshe.